Lengalenga ya Ubelgiji: Barua kwa Jamaa wa Kamina

Bustani ya nyumbani nchini Ubelgiji hufunguliwa na watakatifu watatu. Mamert, Pancrace na Servais, ambao sikukuu zao ni tarehe 11, 12 na 13 mwezi wa tano, huitwa Watakatifu wa Barafu, na hata mtu asiyekanyaga kanisa tangu abatizwe huwaheshimu. Kabla siku zao hazijapita, baridi ya usiku inaweza kurudi bila taarifa, umande ukaganda juu ya majani, na kila mche wa nyanya uliotolewa nje ukaamka mweusi. Servais alikuwa askofu wa Tongeren, mji wa hukohuko Ubelgiji, kwa hiyo wenyeji wanamwona kuwa mtu wa nyumbani anayeijua hali ya hewa ya kwao. Mkulima wa Kamina, kule Katanga, ambaye maisha yake yote amesubiri mvua, anajikuta anasubiri watakatifu.

Kamina mwezi huohuo mambo ni mengine kabisa. Mvua zimekatika, kipwa kimeingia, na bustani zinahamia bondeni, kando ya vijito, kwenye udongo unaoshika maji. Matuta ya kabichi, nyanya na lengalenga yanamwagiliwa asubuhi na jioni. Baridi ya usiku ipo, watu wanatoa majaketi sandukuni, lakini jua likishapanda udongo unapata joto lake tena na mboga haina habari.

Mgeni hufika Ubelgiji na hesabu hiyo kichwani. Jua la mwezi wa nne likitoka siku mbili mfululizo, anamwaga mbegu za lengalenga, anamwagilia, anangoja. Mbegu hiyo huota vizuri udongo ukikaribia digrii 20. Udongo wa Ubelgiji mwezi wa nne uko kwenye digrii 10 hivi. Haioti. Anamwaga tena. Mara ya tatu anaanza kumshuku aliyemuuzia mbegu, na mara ya nne anawashuku watu wa ukoo.

Wenye uzoefu huanzia dirishani. Kuanzia mwezi wa tatu, vikopo vya yogati vyenye udongo hupangwa mbele ya kila kioo: nyanya, pilipili, bilinganya, maboga. Miche hurefuka ikiinamia barabarani kutafuta mwanga, na kila siku lazima igeuzwe isije ikakua imepinda. Mgeni akija hapati pa kuweka kikombe. Pembeni husimama mparachichi uliooteshwa kutoka kwenye kokwa ndani ya glasi ya maji. Una majani mapana, hautazaa hata parachichi moja, na hakuna mwenye moyo wa kuutupa. Miche ikiwa tayari, haitolewi nje ghafla. Hupelekwa kwenye baraza saa chache mchana, ikarudishwa ndani jioni, wiki nzima au zaidi, mpaka izoee upepo. Babu wa Kamina akionyeshwa kwa simu kijana wake akiitoa mipilipili nje kuota jua, huuliza kama kijana huyo ameshaoa.

Jambo la pili linalomshinda mgeni ni mwanga. Kamina iko karibu digrii 9 kusini mwa ikweta, na siku ndefu kuliko zote inaizidi fupi kwa saa moja tu hivi. Brussels iko karibu digrii 51 kaskazini: Desemba mchana una saa 8 hivi, na Juni unafikia saa 16 na nusu. Jua linazama saa nne usiku. Mimea haina pa kulala, inakua bila adabu, na tuta lililopaliliwa Jumamosi linaonekana halijaguswa Jumamosi inayofuata. Tena wakati wa kiangazi saa ya Brussels na saa ya Kamina ni ileile. Mtu akipigiwa simu ya video saa tatu na nusu usiku, Kamina giza limeingia tangu saa kumi na mbili na kitu, naye anaonekana ameshika jembe juani. Maelezo kuhusu mzunguko wa dunia hayasaidii sana. Kwa baadhi ya mashangazi, mtu huyo yuko Afrika Kusini na anaficha.

Shamba lenyewe hupatikana kwa foleni. Wengi wanakaa kwenye ghorofa, na bustani hulimwa kwenye viwanja vya pamoja vilivyokatwa vipandevipande, kila familia na chake. Desturi hiyo ina historia: mwaka 1896 padre Jules Lemire, aliyekuwa pia mbunge, alianzisha Ufaransa shirika la kuwapatia wafanyakazi kipande cha ardhi, na Ubelgiji ikapata la kwake mwaka huohuo. Nia mojawapo ilikuwa kumtoa mfanyakazi baani jioni. Imefaulu kwa kiasi: siku hizi anakunywa bustanini. Mijini kiwanja kinaweza kungojewa miaka, na kikishapatikana huja na kanuni kurasa kadhaa, kuanzia urefu wa uzio na ukubwa wa kibanda hadi upana wa njia. Katika manispaa nyingi mashine ya kukatia nyasi haiwashwi Jumapili. Kuchoma nyasi, kazi ambayo Kamina mwezi wa sita inafanywa hata na watoto wa shule, huku huleta gari la zimamoto, na baada yake barua.

Majirani wa kiwanjani ni wa aina nyingi, ila mmoja ni wa kumtaja kwa watu wa Kamina. Ni mzee wa karibu miaka 90 ambaye akisikia jina la mji huo huacha jembe. Katika miaka ya 1950 jeshi la anga la Ubelgiji liliwafundisha marubani wake kwenye ile base kubwa ya Kamina iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili, na vijana wengi wa Kibelgiji walipita hapo kwa kazi moja au nyingine. Wachache waliobaki wanaukumbuka uwanja wa ndege, vumbi jekundu na bia baridi. Wanajua maneno manne ya Kiswahili, yote ya kuamrisha. Mzee wa namna hii hutoa miche ya saladi bure, kisha hufuata mhadhara wa nusu saa kuhusu hali ya hewa ya Katanga, akimfundisha mtu aliyezaliwa kule.

Adui mkuu wa mwezi wa tano na wa sita ni konokono asiye na gamba. Hutoka usiku baada ya mvua, na mvua Ubelgiji haina msimu, kwa hiyo hutoka karibu kila usiku. Miche kumi ya maharagi iliyopandwa jioni inaweza kuwa vijiti kumi asubuhi. Wengine huwaokota kwa tochi, wengine humwaga maganda ya mayai yaliyosagwa, ambayo konokono huyavuka bila kuonyesha kusumbuka. Dawa inayosifiwa na Wabelgiji ni bia. Kopo hufukiwa mpaka ukingo ukaribiane na ardhi, likatiwa bia, na konokono akivutwa na harufu anaingia na kuzama. Njia hiyo inafanya kazi kweli. Shida yake ni ya kijamii: hakuna namna ya kumweleza mjomba anayeingoja chupa yake ya Simba mpaka mwisho wa mwezi kwamba jamaa zake wa Ulaya wanaimwaga bia ardhini ili wadudu wafe wamefurahi. Habari hiyo ni bora isifike.

Upande wa majani ndiko Mkamina na Mbelgiji wanakoshangaana kwelikweli. Mbelgiji hupanda boga akala boga, na majani yake teke, ambayo yangefanya mboga ya siku tatu, anayatupa kwenye mboji. Hupanda viazi vitamu akaona majani ni takataka za juu. Kuna pia lengalenga ya mwitu, ndugu wa ile ya nyumbani, inayoota yenyewe kwenye matuta na kwenye mashamba ya mahindi mara udongo unapopata joto. Wenyeji wanaiita magugu na kuing'oa kwa hasira. Mama mmoja tu kutoka Kamina akipewa kiwanja, njia zote za jirani husafishwa kabla ya saa mbili asubuhi, na jirani anashukuru huku akijiuliza mfuko ule mkubwa unakwenda wapi.

Kisha, pale mtu anapokuwa ameshahitimisha kwamba Wabelgiji hawajui majani, hukutana na rubarbu. Ni mmea wenye jani kubwa kama mwavuli, laini, la kijani kizuri, linaloiita sufuria kwa sauti. Jani hilo lina sumu. Kinacholiwa ni bua lake, chachu kupita ndimu, linalopikwa kwa sukari nyingi mpaka lisahau asili yake. Mkongomani anaonywa juu ya jani la rubarbu kwa uzito mkubwa, kana kwamba hajawahi kuona chakula cha hatari, yeye aliyekulia kwenye sombe, majani ya muhogo ambayo yasipotwangwa na kuchemshwa vizuri yanabaki na sianidi. Watu hao wawili wangeweza kuelewana haraka kama wangeanzia hapo.

Muhogo wenyewe hausimami Ubelgiji. Unahitaji miezi mingi ya joto, na baridi ya kwanza inaumaliza, hivyo sombe hununuliwa imegandishwa kwenye maduka ya Matonge, mtaa wa Ixelles karibu na Porte de Namur uliochukua jina la Matonge ya Kinshasa. Matembele ni habari nyingine. Fungu likinunuliwa hukohuko, vikonyo vyake huwekwa kwenye maji, vikatoa mizizi kwa siku chache, na mwisho wa mwezi wa tano vikaingia ardhini. Viazi vitakavyopatikana chini ni vya kuonyeshana, lakini majani huchumwa mpaka mwezi wa tisa.

Mahindi ni kidonda. Msafiri akipita kwa treni mwezi wa sita huyaona kila upande, mashamba kwa mashamba, yamefika magotini, na moyo unafurahi kwa bukari ijayo. Sehemu kubwa ya mahindi hayo ni ya ng'ombe. Yatakatwa mazima yangali laini, bua, jani na gunzi pamoja, yakasagwasagwa na kufunikwa kwa plastiki. Ndiyo maana mahindi ya kuchoma hupandwa kiwanjani, safu nne fupi zilizobanana ili chavua iyafikie yote, na mwenye nayo hayatangazi.

Nyanya zinahitaji paa. Mvua ikikaa juu ya majani, ukungu wa viazi huyashika na mmea mzima hukauka kwa wiki moja. Ni ugonjwa uleule uliotokea karibu na Kortrijk mwanzoni mwa kiangazi cha 1845, ukala viazi vya Ubelgiji, ukaendelea mpaka Ireland. Basi nyanya hufungiwa kwenye kibanda cha kioo au plastiki, humwagiliwa chini tu, na vichipukizi vya kwapani hung'olewa kila juma. Kwenye mabanda makubwa ya biashara, wakulima walikuwa wakitikisa maua kwa kifaa cha umeme ili yazae, mpaka daktari wa mifugo wa Kibelgiji, Roland De Jonghe, alipoona kwamba nyuki wakubwa wenye manyoya wanaifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Mwaka 1987 alianzisha kampuni ya kuwauza, Biobest, na sasa nyuki wa Ubelgiji wanasafirishwa kwa maboksi. Nchi inayouza nyuki wa kufanya kazi za watu haiwezi kudharauliwa.

Matunda ya mwanzo wa kiangazi huanzia chini: stroberi kwanza. Zile za Wépion, kando ya mto Meuse karibu na Namur, zina sifa hata zimejengewa makumbusho. Bustanini hutandikiwa majani makavu zisilale kwenye tope, na hufunikwa wavu kwa sababu ndege mweusi wa huku huamka saa kumi alfajiri, kabla ya yeyote mwenye ajira. Cheri hufuata, na ndege yuleyule. Asparagasi nyeupe, inayofukiwa ili isione jua, huvunwa mpaka tarehe 24 Juni, siku ya Mtakatifu Yohana, kisha huachwa ijijenge kwa mwaka ujao. Kurjeti hazina mwisho kama huo. Zikianza kuzaa hazisimami, na mwezi wa saba watu huziacha usiku mlangoni kwa majirani na kukimbia.

Lengalenga iliyopandwa baada ya Watakatifu wa Barafu hufikia kukatwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwezi wa sita, na familia nyingi huilengesha tarehe 30, Siku ya Uhuru wa Kongo, iliwe na bukari na samaki. Haikatwi yote. Miche miwili mitatu huachwa itoe maua, kwa kuwa mmoja tu unatoa mbegu kwa maelfu, na ndiyo akiba ya mwaka ujao. Akiba hiyo ina sababu. Tangu tarehe 14 Desemba 2019, mbegu za kupanda, miche na karibu matunda na mboga zote mbichi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haziingii bila cheti cha afya ya mimea, hata kama bibi amezifunga kwenye kitambaa katikati ya nguo. Matunda matano tu yamesamehewa: nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende. Wanaokuja kutoka Kamina kiangazi hiki wanaombwa waache mbegu nyumbani, walete ndizi.