Risiti ya Zawadi: Barua ya Uingereza kwa Walioko Kakamega

Uingereza, zawadi hutolewa pamoja na kibali cha kuirudisha. Kibali chenyewe ni risiti ya zawadi, karatasi isiyo na bei ambayo mnunuzi huiomba kaunta na kuichomeka ndani ya kifurushi. Shangazi humkabidhi mpwa sweta ya kijani, akamwambia kwa tabasamu kwamba risiti imo ndani, na mpwa hushukuru bila kununa. Kule Shinyalu, Kakamega, wazee wangeitwa.

Masharti yapo. Sweta hairudishwi mikononi mwa shangazi. Hupelekwa dukani kimyakimya, na ikiwa ni ya Krismasi, kuanzia Desemba 26. Mwenye risiti ya zawadi kwa kawaida hubadilishiwa kitu au hupewa vocha, si pesa taslimu. Vocha huandikwa kiasi, kwa hiyo bei iliyofichwa hufichuka palepale, na wajomba wengi wameshuka hadhi hapo kaunta.

Wengi hudhani kurudisha ni haki. Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015 humpa mnunuzi siku 30 za kurudisha kitu chenye kasoro, na rangi mbaya si kasoro. Kilichonunuliwa mtandaoni kina siku 14, ila haki hiyo ni ya mnunuzi: mpwa ingembidi amwombe shangazi mwenyewe! Yaliyobaki ni hisani ya duka, jambo geni kwa waliozoea risiti zenye onyo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Kakamega, kuku aliyeletwa na mgeni harudishwi wala habadilishwi, hata awe jogoo mzee anayechechemea. Hupokelewa kwa mikono miwili, husifiwa uzito, kisha hufungwa mguu nyuma ya jikoni. Anayempeleka soko la Lubao siku ya Alhamisi anajitafutia balaa, kwani mleta kuku naye huenda sokoni, na manyoya anayajua. Waingereza wana Lubao yao, maduka ya hisani yanayouza vitu vya kutolewa bure. Wazoefu hupeleka sweta kwenye duka la mji mwingine.

Kwa hiyo karatasi ndogo ikidondoka kutoka kwenye sweta iliyotumwa nyumbani, mtumaji hajamtukana mtu. Wala hakuna haja ya kuitunza: maduka mengi hutoa mwezi mmoja hivi, na mwezi huo huisha kifurushi kikiwa bado Mombasa.