Shemeji Katuna, Nyumba Imenywea

Ndugu msomaji, kama umeoa na mkeo ana mdogo wa kiume ambaye bado hajapata kwake, vuta kiti tukae. Kama huna, soma hivyo hivyo, upate kujua majirani zako wanalalaje.

Shemeji yangu alishuka stendi ya Bariadi na begi moja la mgongoni, akasema amekuja kukaa siku chache akitafuta kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Hizo siku chache ndizo tunazoziishi mpaka leo. Mimi ni karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Msimu wa pamba ukishafunguliwa mwezi wa tano, nashinda na mizani na wakulima, na nikirudi jioni sina nguvu ya kumuuliza mtu ataondoka lini. Na hata ningekuwa nayo, ningempelekea nani swali hilo? Mke wangu tunamwita Hazina, kwa kuwa hakuna shilingi inayotoka humu ndani bila yeye kuiidhinisha, na kwa suala hili ana jibu moja tu: "Baba Kulwa, huyo ni mdogo wangu." Hoja imefungwa.

Jina la Robota nilimpa mimi. Msomaji wa Tanga au Lindi asiyeijua pamba aelewe kwamba robota ni furushi la nyuzi lililoshindiliwa kwa mashine na kukazwa kwa waya, na likishawekwa mahali halisogei. Nilikusudia ajisikie vibaya aondoke. Alilipenda.

Nilikuwa nimeweka mfuko wa sementi nyuma ya mlango, wa kusakafia choo, ahadi niliyompa Hazina tangu tuhamie Somanda. Jioni moja nikakuta mfuko umelegea, na makopo mawili ya lita nne yaliyobaki tulipopaka rangi sebule yamejazwa zege mpaka mdomoni, na bomba la maji limeyaunganisha katikati. "Shem, hizo kilo ishirini," Robota akaniambia huku akihema. "Nimechanganya na kokoto, ziwe sawa pande zote." Hazikuwa sawa. Kopo la kulia lilizidi, na kwa muda mrefu bega lake la kulia ndilo lilikuwa linatangulia kuingia mlangoni. Choo chetu mpaka leo ni cha udongo.

Basi, kumbe kijana ana ajenda. Ameona kwenye simu kwamba Mwanza kutakuwa na shindano la kutunisha misuli, na yeye ameamua kuiwakilisha Simiyu. Nani kamtuma, sijui. Mkoa wetu ulizaliwa 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, umejulikana kwa pamba, kwa chaki za Maswa na maziwa ya Meatu, na sasa Robota anataka uongezewe kifua chake.

Mtunisha misuli, nimeelezwa, hujengwa na protini, na protini ya bei ya kuvumilika hapa Bariadi imo kwenye ute wa yai. Kiini kina mafuta, na Robota hataki mafuta. Hazina naye hataki kutupa kitu. Ufumbuzi ukapatikana bila mimi kushirikishwa: Robota anakula ute, familia inakula viini. Asubuhi viini na chai. Jioni mchuzi wa viini na ugali. Mapacha wangu, Kulwa na Doto, walifika mahali wakiona kuku anapita uani wanageukia ukutani. Halafu ikaja wiki ya kukataza chumvi. Kwa kuwa Hazina hapiki sufuria mbili kwa sababu ya mtu mmoja, chumvi ilikatazwa kwa nyumba nzima, na mimi nikawa naificha mfukoni kwenye karatasi, nanyunyiza mboga wakati wa sala ya chakula, wengine wamefumba macho.

Aliyekuwa hajafumba ni CAG. Huyo ni binti yetu wa miaka tisa. Yule CAG wa Taifa, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ripoti yake ikisomwa wakubwa hukosa usingizi, na huyu wetu ana daftari la mistari mikubwa na hana huruma. Jumapili moja tukiwa na wageni wa jumuiya alisimama akasoma: "Mayai, trei tatu. Aliyekula, mjomba. Aliyelipa, baba. Baba ana chumvi mfukoni. Viatu vya baba vimetoboka." Wageni walipiga makofi.

Kipimo cha uzito nacho kikawa kazi yangu. Kila Jumatatu Robota alikuja ghalani kwangu, akapita katikati ya wakulima waliokaa juu ya mizigo yao, akavua shati na kupanda mizani ya pamba. Nyama alitaka ziongezeke, mafuta yapungue, na mizani haijui kutofautisha, kwa hiyo kila namba niliyosoma ilimkasirisha. Siku moja mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alimzunguka taratibu, akamtazama mbele na nyuma, kisha akaniuliza kwa sauti ya kikazi kabisa: "Karani, huyu utamwandika safi au fifi?" Hayo ndiyo madaraja mawili ya pamba yetu. Nikasema safi, kwa ajili ya amani ya nyumbani.

Habari zikafika Itilima kwa Mkuu wa Mkoa. Namaanisha mama mkwe. Ziara zake hazina taarifa. Unaona tu bodaboda imesimama na debe limeshushwa. Safari hii lilikuwa debe la michembe na matobolwa. Kwa wasiokulia Usukumani, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, na matobolwa ni vile vinavyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa. Hapo alipatia bila kujua: wanamisuli duniani kote wanapenda viazi vitamu, na siku mbili tatu za mwisho kabla ya jukwaa hula wanga kwa wingi ili misuli ijae. Lakini alipoona kopo la unga wa protini alioagiza Robota kutoka Mwanza, na CAG akamsomea bei yake, aliketi. "Ng'ombe wangu wanakula mashudu ya pamba," akasema, "na mnadani hakuna anayewadharau." Robota akaenda kunyanyua zege.

Ikaja hoja ya nguo. Mimi na mama mkwe hatukai tukajadili nguo za ndani uso kwa uso, adabu hairuhusu. Basi yeye alikaa upande wa jikoni, mimi upande wa mlango, CAG katikati akipeleka ujumbe.

"Muulize baba yako, mwanangu atasimama mbele za watu amevaa nini?"

"Baba, bibi anauliza mjomba atavaa chupi?"

"Mwambie bibi, atavaa kaptula."

Na ni kweli. Haya mashindano yana madaraja mengi, na lile la Robota, Men's Physique, liliingia kwenye jukwaa la Mr. Olympia mwaka 2013. Hao hawavai vile vinguo vidogo walivyovaa kina Arnold Schwarzenegger walipokuwa wanalitwaa taji hilo. Huvaa kaptula ya kuogelea, na majaji hutazama zaidi mabega, mgongo, tumbo, na jinsi kiungo kinavyolingana na kiungo. Mama mkwe akauliza kaptula inaishia wapi. CAG akatumwa na futi ya cherehani, akarudi na jibu, na Mkuu wa Mkoa akaridhia kwa masharti kwamba yeye mwenyewe atakuwepo.

Robota, kwa kutaka kumtuliza zaidi, akamweleza kwamba jambo hili ni la heshima tangu zamani. Mwaka 1901 huko London, ndani ya Royal Albert Hall, mtu aliyeitwa Eugen Sandow aliandaa shindano kubwa la maumbo ya wanaume, na mmoja wa majaji alikuwa Arthur Conan Doyle, yule mtunzi wa Sherlock Holmes. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. "Na watu wa kuwashangilia waliletwa na nani?" akauliza.

Hapo tusimcheke. Huyu ni binti wa Wagalu. Usukumani ngoma za mashindano zina pande mbili, Wagika na Wagalu, walioachiwa uhasama huo na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Majaji ni miguu ya watazamaji. Ndiyo maana wachezaji wengine hubeba nungunungu, wengine fisi, mradi watu wahame. Ukikulia humo, huwezi kuelewa watu watano waliokaa mezani na kalamu wanaamua vipi. Alichokielewa mama mkwe ni kimoja: mwanawe anahitaji watu. Akawapigia simu ndugu zake wote wa Igoma na Kisesa.

Tukaondoka alfajiri ya Ijumaa, mimi, Hazina, CAG, Robota na Mkuu wa Mkoa, nauli zote juu ya karani. Robota alikuwa kwenye kipindi cha kupunguza maji, ngozi ikaze misuli ionekane. Midomo imepauka, haongei. Tulipofika Lamadi na Ghuba ya Speke ikafunguka kando ya barabara, maji mpaka macho yanapokoma, shemeji yangu aliyatazama akameza mate yasiyokuwepo. Siti ya nyuma yake mtu akafungua soda. Nilimhurumia, nakiri, kwa mara ya kwanza tangu sementi.

Gesti ya Mwanza ndiko nilikopewa kazi ambayo sikuisomea. Robota akatoa chupa ya rangi na sponji. Taa za jukwaani, anasema, zina mwanga mkali unaofuta mistari ya misuli, kwa hiyo hata mtu mweusi hujipaka rangi nyeusi zaidi. Nilimtazama Hazina. "Wewe ndiye mwanaume," akasema, "mimi nitampakaje mdogo wangu mgongoni?" Basi nikampaka. Saa nne usiku, chumba namba sita, mtu mzima na familia yake, namsugua shemeji sponji chini ya mabega, yeye kainua mikono, CAG anaonyesha nilikoruka. Mashuka ya gesti yalikuwa meupe. Sitasema zaidi, ila asubuhi nililipa mashuka mawili na foronya, na mhudumu alinitazama akitaka maelezo ambayo sikuwa nayo.

Mafuta ya kung'arisha mwili yalisahaulika Bariadi. Mkuu wa Mkoa hakutetereka. Alifungua mkoba akatoa chupa ya mafuta ya pamba, yale ya kupikia. Robota aking'aa alikuwa anang'aa kweli, sitaki kumnyima haki yake, lakini joto la taa lilipoyapata yale mafuta, safu tatu za mbele ziliamini kuna mtu anakaanga maandazi. Mwanamke mmoja alinyanyuka kwenda kuyatafuta.

Sasa picha ni hii. Washiriki wa daraja lake wamesimama mstari mmoja, wanaamriwa wageuke robo, wageuke tena, waonyeshe mgongo. Ukumbi kimya, majaji wanaandika. Ghafla vigelegele. Kina mama wa Igoma na Kisesa wamesimama wote, na mama mkwe anashuka kwenye njia ya katikati kwa hatua za ngoma, polepole, mkono mmoja juu. Alipanda ngazi. Mwenye kipaza sauti akamwita "mama, mama" kwa heshima zote, asisikike. Akamtunza mwanawe noti ya elfu mbili kifuani, pap, na kwa yale mafuta noti ikanata. Jaji mmoja akaomba iondolewe. Robota, aliyekaza tumbo kiasi cha kutopumua, hakuweza kuinua mkono bila kuharibu pozi. Noti ikageuka naye robo mzunguko, ikageuka tena, na ilipobanduka yule simba aliyechorwa juu yake alikuwa ameshakuwa mweusi tii.

Alishika nafasi ya tatu. Kusema kweli aliyeshika ya kwanza alistahili; alikuwa na mgongo mpana unaoshuka ukibana kiunoni, na mabega yake yote mawili yalifika kwa wakati mmoja. Bega la Robota la kulia bado linatangulia kidogo, na majaji wana macho. Alipewa medali, akapewa mkono. Fedha taslimu aliyorudi nayo Bariadi ni ile elfu mbili, na mama yake aliidai ndani ya basi tukiwa Magu.

Itilima nzima inaamini alishinda. Mama mkwe hakudanganya mtu; aliwaambia tu watu walishangilia upande gani. Kamati ya nyumbani, yaani Hazina na mdogo wake, imeshakaa na kupitisha maandalizi ya mwakani: kuku wa mayai watajengewa banda ninapoegesha pikipiki, na chumba cha wageni kimegeuzwa cha mazoezi, kina makopo ya zege ya lita ishirini ambayo hakuna wa kuyatoa isipokuwa aliyeyaingiza. CAG ameandika pembeni ya bajeti kwamba mdau mkuu hakushirikishwa. Hazina amefuta.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Magu, Maswa na Shinyanga mliozoea kufikia kwangu tangu ile Nanenane ya kitaifa ilipoletwa Nyakabindi mwaka 2018, chumba hakipo. Njooni na godoro. Na mkipita Lamadi nunueni trei moja la mayai. Viini nitakula mimi.