Kisiwa Kisicho na Chumvi

Jirani, hebu nikuulize. Uingereza ni kisiwa? Eeh, ni kisiwa, kina namba kabisa: EU-005. Ireland? EU-115. Australia je? Ile Australia ya jangwa na ngamia, mtu anaendesha gari mchana kutwa hajaona hata dimbwi? Nayo kisiwa, OC-001. Haya, Ukerewe? Ukerewe ambako ukirudisha baiskeli nyuma bila kuangalia unaoga na nguo zako? Hapana bwana. Ukerewe si kisiwa. Haina namba. Wamekataa.

Waliokataa ni watu wa redio. Si redio hizi za mpira na matangazo ya vifo. Nazungumzia zile za kuongea na kujibiwa, redio kol, ila yenye waya mrefu na kelele za kukera. Kuna watu duniani hiyo ndiyo starehe yao. Wana leseni. Wamefanya mtihani. Wengine wanakesha baa, hawa wanakesha kwenye mikoromo na filimbi. Shemeji yangu ni mmoja wao. Kaka wa mke wangu, kwa hiyo kumkataa siwezi, nilipewa pamoja na mke.

Sasa hawa jamaa wana kitu chao kinaitwa IOTA. Kazi yake ni visiwa tu. Alikianzisha Mwingereza mmoja, Geoff Watts, mwaka 1964. Akavigawa visiwa vya dunia mafungu mafungu, kila fungu na namba yake. Mwaka 1985 chama cha redio cha Waingereza, RSGB, kikaupokea mpango huo, na leo mafungu yamepita 1,100. Dunia nzima, jamani, mafungu 1,100, na mama mkwe wangu wa Ukerewe hayumo hata kwenye moja.

Kila mwaka, wikiendi kamili ya mwisho ya Julai, wanashindana. Saa 24. Unaita, unajibiwa, unatoa namba, unapewa namba, kwaheri. Ukimpata mtu aliye kisiwani, pointi 15. Ukimpata wa bara, umeokota sumni. Ndiyo maana mtu wa kisiwani anagombaniwa. Shemeji alinisimulia mwenyewe, kwa mdomo wake. Ukitokea kisiwani tu, Wajapani, Warusi, Waspania, wote wanakuita kwa mpigo, huwezi hata kuchagua umjibu nani.

Mimi nikasikia neno moja tu. Kugombaniwa. Mimi ambaye konda wa daladala anaita stendi nzima, akinifikia mimi anakohoa.

Nikamwambia, "Shemeji, si twende kwa mama? Mama yuko Ukerewe. Kisiwa kile."

Akaniangalia. Akatabasamu. "Twende, shemeji. Ila betri utabeba wewe."

Alijua, mwenzangu. Siku ile ile alijua. Alichotaka yeye ni kwenda kumsalimia mama yake, na mtu wa kubeba betri.

Nikabeba. Betri mbili za gari, koili la waya, jenereta ndogo, dumu la petroli. Yeye kabeba redio kifuani, anaipapasa. Tukavuka na kivuko cha Kisorya, tukashukia Rugezi. Humo kivukoni abiria mmoja akaniuliza betri bei gani. Mwingine akaniuliza harusi iko wapi, yeye alijua mimi ndiye wa spika. Mama mmoja hakuuliza kitu, akaniwekea kapu lake la dagaa juu ya betri, akageukia pembeni kuzungumza na watu wake. Nikalishika mpaka ng'ambo.

Kufika, antena. Waya wa mita kama 20, maana yale masafa ya usiku yanataka nusu ya urefu wa wimbi, na wimbi lenyewe ni la mita 40. Unatakiwa uning'inie juu. Juu wapi? Mwembe wa mama mkwe. Nani apande? Shemeji ana mgongo. Huo mgongo umeanzia Rugezi.

Nikapanda. Nilikuwa na kaptula ya zamani, mishono imeshaanza kukata tamaa. Nimefika tawi la juu, nimekumbatia, waya mdomoni, ndipo mama mkwe akatoka ndani na wageni. Wazee wanne na akina mama wa jumuiya, wamekuja kumwona mkwe wa mjini. Wewe unajua mkwe anavyotakiwa kuwa mbele ya mama mkwe. Unasimama mbali. Unainamisha macho. Haya, mbali nilikuwepo. Na macho niliinamisha, hilo hawana la kunilaumu, maana wao walikuwa chini na mimi nilikuwa juu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Unatafuta nini huko?"

"Natafuta Italia, mama."

Kimya. Mama akawageukia wageni. Akanitazama tena, kwa huruma ya kweli kabisa. "Maembe bado, baba. Si msimu wake."

Jioni nikaletewa sato mzima na ugali wa kutosha watu watatu. Walidhani nimepanda kwa njaa.

Kesho yake nikaamka gizani. Karatasi ya shindano imeandika linaanza 1200. Sasa wewe niambie, kumi na mbili ni saa ngapi? Toka nizaliwe kumi na mbili ni alfajiri, jogoo anawika, watu wanapiga mswaki. Nikakaa mbele ya redio, daftari wazi, penseli nimeichonga. Kumi na mbili ikapita. Moja ikapita. Shemeji kaamka saa tatu, anajinyoosha, ananiambia hiyo ni saa ya Greenwich, kwetu ni saa tisa alasiri. Hata saa ni ya kwao! Na Greenwich iko wapi? Iko EU-005.

Saa tisa ikafika. Shemeji akavaa visikilizio. Kazi yangu kuandika. Hao watu hawataji majina, wanataja herufi kwa maneno. Sisi Tanzania tunaanza na 5H, basi shemeji anapiga kelele "Five Hotel! Five Hotel!" mpaka watoto wa jirani wakaja kuuliza wali unauzwa saa ngapi. Na kila mtu anamwambia mwenzake "five nine", maana yake nakusikia vizuri sana, huwezi kusikika zaidi ya hapo. Vizuri sana! Halafu hapo hapo anaomba urudie. Urudie tena. Urudie polepole. Mtu hajashika hata herufi moja, lakini wewe ni five nine. Dunia nzima siku hiyo ilikuwa five nine. Mimi ningempa mmoja wao mbili, tena kwa kumwonea haya.

Tuna rafiki Mwanza pale, ng'ambo tu ya maji, ana redio ya kusikiliza. Nikampigia simu, nikamuuliza anatusikiaje. Hasikii kitu. Ulaya wanasikia, Mwanza hawasikii! Shemeji anasema mawimbi yale yanapanda juu angani, yanagonga tabaka huko, yanarudi chini mbali, jirani yanamruka. Tena yanatumia petroli niliyobeba mimi.

Basi akatokea Mtaliano. Yuko Sisilia, EU-025. Kisiwa! Sisi tukachukua pointi zetu 15. Akauliza na yetu, namba ya kisiwa. Shemeji akamjibu kwa Kizungu chake kwamba hatuna.

Hatuna? Nikainuka. "Shemeji, mwambie tuko kisiwani!"

"Shemeji, nyamaza, nimebonyeza."

"Tumezungukwa na maji! Maji! Maji!"

Kimya kidogo kule Sisilia. Halafu sauti ikarudi, ya adabu sana: "Mike Alfa Juliett India?"

Jamaa ananiandika. Anadhani hicho ndicho kituo chetu. Shemeji akanitoa nje, akaniambia leseni ya TCRA ina jina lake, haina langu, na nikisema neno jingine nitakwenda kulala na mbuzi.

Huko nje ndipo aliponipa sheria. Kisiwa cha IOTA lazima kiwe baharini. Cha ziwani hakihesabiki, cha mtoni hakihesabiki. Lazima kiwe cha maji ya chumvi.

Chumvi, jirani! Nikamwambia chumvi ipo, mama ana pakiti nzima jikoni, nitamwaga ziwani pale Nansio asubuhi. Hakucheka. Malta nchi nzima, na rais wake na jeshi lake, ina kilomita za mraba 316, na wamepewa EU-023. Ukerewe ina karibu 530. Mzee mmoja wa pale, mvuvi toka ujana, nilipomweleza akavua kofia kabisa. Akauliza, "Hao waliosema si kisiwa, walikuja kwa basi?"

Na hao Waingereza huku kwetu wanakujua, usidhani hawakujui. Mwenzao John Speke alifika upande wa Mwanza mwaka 1858, akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake. Jina la malkia limehesabika. Visiwa vilivyomo humo ndani ya malkia havihesabiki.

Usiku kucha shemeji kaendelea kuokota watu wa visiwani, anafurahi, sisi tukiwapa sumni zao. Wanasema asante, kwaheri, wanakimbilia mwenye namba. Hakuna aliyenigombania. Aliyekuja ni mbuzi, akala ukurasa mmoja wa daftari, wenye Wajapani.

Kushusha waya nimepanda tena mimi. Mama mkwe safari hii hakutoka. Aliniwekea chungwa chini ya mti.

Sasa sikiliza. Unguja ina namba, AF-032, na bahari pande zote, chumvi mpaka uchoke. Kama una ndugu kule mwenye uwanja na mti usiozidi kimo cha mlango, naomba unipe namba yake ya simu. Ni ile wikiendi ya mwisho ya Julai, Jumamosi saa tisa alasiri, saa tisa yetu sisi. Mwambie nitalala popote. Na betri anabeba shemeji.