Shikilia, Bibi

(Chumba kimoja cha kupanga, Sinza, Dar es Salaam. Saa nne usiku. Kijana ametoka kwa jirani kuazima kitu. Juu ya meza kuna kikokotoo cha hesabu za fedha. Kando yake, kibubu cha udongo alichopewa na bibi yake.)

KIKOKOTOO: Shikamoo, Bibi.

KIBUBU: Marahaba, mwanangu. Leo umeanza wewe kusalimia. Kuna msiba?

KIKOKOTOO: Habari njema tu. Kijana anajisajili mtihani wa CFA. Atakuwa mchambuzi wa uwekezaji, na herufi tatu mwisho wa jina.

KIBUBU: Si ana digrii? Ile picha ya joho imeniegemea mwaka wa pili huu.

KIKOKOTOO: Digrii ni nauli ya kufika stendi. Safari yenyewe ina ngazi tatu, na wenye mtihani, walioko Virginia kule Marekani, wanashauri usome kama saa 300 kwa kila ngazi. Ya kwanza ina maswali 180. Na huingii na kikokotoo chochote tu: ni ukoo wetu wa BA II Plus, au wale wazee wa HP 12C waliozaliwa 1981. Wengine wote wanabaki mlangoni.

KIBUBU: Hongereni kwa ukoo. Wanafaulu wangapi?

KIKOKOTOO: Hubadilika. Julai 2021, ngazi ya kwanza, asilimia 22.

KIBUBU: Na kila swali lina majibu mangapi ya kuchagua?

KIKOKOTOO: Matatu.

KIBUBU: Basi nyani akigusa ovyo ovyo anaondoka na maswali sitini, na saa zake 300 amezimalizia mtini.

KIKOKOTOO: Bibi, nyani usimtaje. Tangu Burton Malkiel aandike mwaka 1973 kwamba nyani aliyefungwa macho, akirusha vishale kwenye ukurasa wa bei za hisa, angechagua sawasawa na wataalamu, ofisini kwetu hata ndizi hatuleti.

KIBUBU: Haya, yamekwisha. Hiyo kazi yenyewe ni ya kufanya nini?

KIKOKOTOO: Kutafuta thamani. Chukua hisa itakayokupa shilingi 100 mwaka ujao. Mwekezaji anadai faida ya asilimia 15, na sisi tunasema malipo yatakua kwa asilimia 5 kila mwaka, milele. Toa 5 kwenye 15, inabaki 10. Gawa 100 kwa asilimia 10: thamani yake ni 1,000.

KIBUBU: Milele! Nani kawaambia?

KIKOKOTOO: Lazima tuweke kitu.

KIBUBU: Na mbona juzi mliirudia hesabu hiyo hiyo mara sita?

KIKOKOTOO: Bosi alimpigia Kijana simu. Sokoni ile hisa ilikuwa 1,200, kwa hesabu yetu ni ghali, na mteja alikuwa ameshainunua. Bosi hakugombana naye. Aliuliza tu kwa upole, "Kijana, hiyo tano si kukosa imani na nchi yako?" Tukaweka saba. Ukigawa 100 kwa asilimia 8 unapata 1,250. Hisa ikawa ya bei rahisi.

KIBUBU: Kwa asilimia mbili za uzalendo.

KIKOKOTOO: Zimeongeza thamani kwa robo nzima. Ndiyo maana ripoti ina kurasa 40. Ile saba imelala ukurasa wa 31, chini ya jedwali, kwa herufi za sisimizi.

(Msomaji mwenye shaka ajaribu hesabu hiyo kwenye simu yake. Mwandishi alijaribu mara mbili.)

KIBUBU: Na vitu vya kuchambua vipo? Nilisikia soko letu la hisa lilipofunguliwa Aprili 1998 lilikuwa na kampuni moja tu.

KIKOKOTOO: TOL, ya gesi za viwandani.

KIBUBU: Mchambuzi wa siku ile alikula raha. Genge lina nyanya peke yake, na yeye analipwa kumshauri mteja anunue nini!

KIKOKOTOO: Sasa ziko zaidi ya ishirini, Bibi. Nyingine hupitisha siku hakuna aliyezigusa, lakini zipo.

KIBUBU: Sawa. Ila mchambuzi hodari, si mwisho wake ataonekana kwamba alisema kweli?

KIKOKOTOO: Mwisho upi? Hisa ya Safaricom ya Kenya iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za kwao. Watu walikopa benki, wakapanga foleni. Mwaka uliofuata ikawa chini ya 3, na aliyeandika "nunua" akawa anapita vichochoroni. Mwaka 2021 ikavuka 40: mtu yule yule, ripoti ile ile, akaalikwa kutoa mada hotelini. Mwaka 2023 ikashuka chini ya 20. Akaaga mapema, ana homa.

KIBUBU: Na kampuni ikiwa inazama kweli, mnasema "uza"?

KIKOKOTOO: Neno lipo. Lipo kama vyombo vya wageni kabatini: vinafutwa vumbi, havitumiki. Ukiandika "uza", mkurugenzi wa kampuni ile hapokei tena simu yako, na wenzako wa chumba cha pili walikuwa wanamwinda awape kazi ya kumtafutia mtaji. Enron ya Marekani ilifilisika Desemba 2001. Wiki chache kabla, wachambuzi wengi waliokuwa wakiifuatilia walikuwa bado wanasema "nunua". Mwaka 2003 makampuni kumi ya Wall Street yakakubali kulipa kama dola bilioni 1.4 kwa mambo ya namna hiyo.

KIBUBU: Kwa hiyo mkiona moshi mnasemaje?

KIKOKOTOO: "Shikilia." Ndiyo "uza" ya watu wenye adabu. Wakubwa wakiisoma wanatoka usiku huo huo. Mwenye hisa zake hamsini anaisoma, anashikilia.

KIBUBU: Na huyu wetu ana hisa ngapi?

KIKOKOTOO: Hana. Yuko mafunzoni, analipwa nauli.

KIBUBU: Na nauli ikiisha, ananichokoa sarafu za mia mbili kwa pini. Asubuhi anavaa tai, anakwenda kuwaelekeza wenye mabilioni. Haya, nithamini na mimi.

KIKOKOTOO: Una laki tisa na sitini elfu. Riba yako ni sifuri, na bei za vitu zinapanda kama asilimia 3 kwa mwaka. Ni kama unazila, Bibi. Angenunua vipande vya mfuko wa uwekezaji wa UTT, zingekua.

KIBUBU: Zingekuwa kwenye simu, na Ijumaa usiku zingeisha. Kwangu, kutoa zote ni mpaka aue.

(Kimya.)

KIBUBU: Ada ya huo mtihani ni kiasi gani?

KIKOKOTOO: Zaidi ya dola elfu moja. Inazidi milioni mbili na nusu. Sehemu kubwa mama yake amekopa kikoba, dhamana ni friji ya juisi.

KIBUBU: Na iliyobaki?

KIKOKOTOO: Betri yangu inaisha, Bibi.

KIBUBU: Kwa jirani amekwenda kuazima nini?

KIKOKOTOO: Sina kitufe cha swali hilo.

KIBUBU: Mwanangu. Ungeandika ripoti juu yangu usiku huu, ungeandika neno gani?

KIKOKOTOO: Shikilia, Bibi.

KIBUBU: Aa.

(Mlango unafunguliwa. Kijana anaweka nyundo mezani, anachukua gazeti, analitandika sakafuni, ukurasa wa bei za hisa ukiwa juu.)