Kanda la Usufi na Ndoo ya Zege

Kiswahili kinatofautisha kwa makini hatua ambazo mzigo hupitia tangu uondoke ardhini hadi urudi ardhini: kuna kuinua, yaani kuutenga na udongo, kuna kutwika, yaani kumsaidia mwenzako auweke kichwani, kuna kubeba, ambako ndiko kwenye safari yenyewe, na kuna kutua, ambako wapiga vyuma wengi wa Bukoba hawakufikirii mpaka wakati wake uwe umefika na nafasi ya kufikiri haipo tena. Mchezo wa Olimpiki wa kunyanyua vitu vizito umejichagulia hatua ya kwanza peke yake na kuigawa katika mitindo miwili, wa kwanza ukiwa ni kuunyakua mtaimbo kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, na wa pili kuupandisha kwanza mabegani, kisha kuusukuma juu. Wanawake walianza kushindana katika mchezo huo kwenye Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000, habari ambayo ingewashangaza kina mama wa Muleba, ambao hawakumbuki kumwomba mtu yeyote ruhusa ya kuweka mkungu wa ndizi kichwani.

Mtaimbo wa mashindano ya wanaume una uzito wa kilo 20, na visahani vyake hupimwa kwa uangalifu mkubwa. Lakini mtaimbo wa uani, kama ule wa mwandishi wa insha hii katika mtaa wa Hamugembe, ni kipande cha bomba la maji kilichosimikwa kila upande ndani ya ndoo ya rangi iliyojazwa zege. Chombo hicho ni cha bei nafuu, hakina mwizi, na kina kasoro moja tu, kwamba uzito wake hukadiriwa na mwenyewe. Kwa kuwa kila ndoo ilikuwa ya lita 20, na kwa kuwa kila aliyewahi kuteka maji anajua kwamba lita 20 ni kilo 20, mwandishi alijumlisha akapata kilo 40, akaliacha bomba nje ya hesabu, na kuwatangazia majirani kwamba zoezi lingeanza saa kumi na moja jioni. Hesabu hiyo ilikosa densiti, yaani uzito uliomo katika ujazo fulani wa kitu: lita moja ya maji ni kilo 1, ilhali lita moja ya zege hukaribia kilo 2.4, kwa hiyo ndoo mbili zilikuwa na kilo 96, na bomba lilikuwa na uzito wake hata kwa mtu aliyelisahau.

Ufundi wa kunyanyua umejengwa juu ya kanuni ya wenzo, kwamba kadiri mzigo unavyokaa mbali na egemeo, ambalo hapa ni nyonga na kiuno, ndivyo misuli ya mgongo inavyolazimika kuvuta zaidi. Ndiyo maana mnyanyuaji hufundishwa kuuweka mtaimbo karibu na miundi, kushusha nyonga, kunyoosha mgongo, na kuvuta pumzi hadi tumboni na kuizuia kidogo, ili tumbo likaze kama mpira uliojaa upepo na kuutegemeza uti wa mgongo. Vijana wa Muleba wanaopakia mikungu kwenye baiskeli huzitii kanuni hizi bila kufundishwa, kwa kuukumbatia mkungu kifuani kabla ya kuuinua. Mwandishi aliinama kama mtu anayetafuta sindano, miguu imenyooka, pumzi yote ikiwa imekwisha katika kusalimiana na watazamaji, akavuta. Ndoo hazikusogea, bomba halikupinda, na kilichoachia ni mshono wa nyuma wa suruali.

Hapo ndipo akili inapoingia. Mwaka 1961 watafiti Michio Ikai na Arthur Steinhaus walionyesha kwamba mtu anayepiga ukelele wakati wa kukunja mkono hutoa nguvu nyingi kuliko akiwa kimya, jambo linaloashiria kwamba ubongo huiwekea misuli breki, na kwamba breki hiyo inaweza kulegezwa. Kadhalika, katika wiki za kwanza za mazoezi nguvu huongezeka hasa kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli, wala si kwa sababu misuli imenenepa, ingawa fulana ya kubana huwa tayari imekwisha kununuliwa. Mwandishi alipiga ukelele. Ulichoongeza ukelele huo ni watazamaji, maana mtaani yowe ni mwito usiopuuzwa, na majirani wawili walifika na fimbo wakimuulizia mwizi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nao watazamaji, ambao kwa macho yao zege lilikuwa usufi mtupu, walishauri kwa sauti moja: "Tia nguvu!"

Miongoni mwa waliosimama alikuwemo mama mmoja aliyetoka sokoni na mkungu kichwani, ambaye alimgeukia kijana wa jirani na kumwambia, "Nitue, mwanangu, nicheke vizuri." Alipomaliza kucheka aliikunja upya kata yake ya majani makavu ya mgomba, akachuchumaa mgongo wima, akawaita vijana wawili wamtwike, akaondoka shingo imetulia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya waliweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Mkungu wa mama yule ulipita kiwango hicho, lakini naye aliona msaada wa vijana wawili si aibu.

Siku hizi mwandishi hutumia makopo mawili ya rangi ya lita 4, ambayo kwa hesabu iliyosahihishwa hayafikii ndoo moja ya lita 20 ya maji. Mtaimbo wa kwanza ungali palepale ulipogandia, na kila jioni kuku huruka, hutua juu ya bomba lake bila ukelele, na kulala.