Shukrani kwa Mpiga Picha

Tuwape haki yao wapiga picha wanaoshuka Paje na Jambiani maji ya bamvua yakipwa. Mwani umelimwa Zanzibar kibiashara tangu 1989, na miaka yote hiyo wanawake wanaoufunga kambani hawakujua kwamba wao ni mandhari. Sasa wanajua.

Wapo wanaonung'unika eti wangeombwa ruhusa kwanza. Ya nini? Mnazi hauombwi, ngalawa haiombwi, na jua likitua halitii saini popote. Kwa nini bibi aliyeinama, maji magotini, akikaza fundo kwenye kamba ya kigingi, abaguliwe kwa kuulizwa? Huo ungekuwa upendeleo.

Tena mpiga picha ana adabu zake. Kwao hathubutu kumpiga picha jirani akianika nguo bila idhini ya maandishi, maana huko watu wana majina. Huku kampa bibi jina bora kuliko alilopewa na wazazi: "Utulivu wa Afrika". Limeandikwa chini ya picha, na picha imeuzwa kwa bei ambayo gunia la mwani halijawahi kuiota.

Bibi naye hakutoka mikono mitupu. Alielekezwa atabasamu, kisha asitabasamu, kisha asogeze kanga upande wa jua. Ushauri wa kitaalamu huo, na hakutozwa hata senti.

Kinachosikitisha ni watoto wa ufukweni, wameanza kudai dola moja kwa picha. Tamaa hiyo, anasema mpiga picha huku akifuta lenzi yake, itakuja kuua uhalisia.