Bwana Shamba wa Chuma Anapohamia Mjini

Usianze na spana, anza na njia. Chukua karatasi na kalamu, uandike kila kipande cha barabara unachopita kutoka mlangoni kwako hadi kazini: lami kiasi gani, vumbi kiasi gani, matope miezi mingapi. Yangu ina kilomita 3 za changarawe na mfereji mmoja usio na daraja, kisha lami ya barabara kuu ya Iringa hadi kipilefti cha Msamvu, Morogoro. Pikipiki yangu ni Honda XL125, aina waliyozunguka nayo vijijini mabwana shamba, mapadri na wahudumu wa chanjo. Ni mfanyakazi mwaminifu aliyezeekea porini, na sasa anahamia mjini. Lazima tumvishe viatu vya mjini, tumfundishe mwendo wa mjini, na tusimkate miguu.

Ukoo huu wa pikipiki za lami na vumbi ulipata jina kubwa mwaka 1968, Yamaha ilipoiingiza DT-1 sokoni Marekani: nyepesi, silinda moja, ya kuvukia pori, lakini yenye taa za kuipeleka barabarani kihalali. Walioibuni walijua kwamba mtu anaweza kuwa na pikipiki moja tu na barabara za aina mbili. Hiyo ndiyo hali yetu wengi, na ndiyo maana nasema kazi yetu ni kumzoesha mfanyakazi huyu lami bila kumsahaulisha kijiji.

Viatu kwanza, maana ndivyo vinavyogusa ardhi. Tairi la kashata kubwa hung'ata udongo, lakini juu ya lami ni vichwa vya kashata peke yake vinavyogusa, na ukifunga breki hujipinda kama meno yanayong'oka. Masika moja niliingia kipilefti cha Msamvu kwa mwendo wa kawaida, tairi la mbele likateleza, nikajikuta nimelala ubavu huku daladala ikisimama hatua mbili kutoka kichwani kwangu. Kofia ngumu ilipasuka, mimi nikainuka. Tangu siku hiyo sishauri mtu aanzie pengine popote.

Nyuma hakuna shida: rimu ya XL ni ya inchi 18, na tairi za lami za kipimo hicho zipo, kwa sababu bodaboda nyingi huzivaa. Mbele ni inchi 21, na hapo utatembea maduka. Tafuta tairi lenye kashata fupi zilizokaribiana, lenye ukanda unaoendelea katikati. Kabla ya kulipa, soma ubavuni: kuna tarakimu 4 zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ukiona 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba huzeeka hata ikikaa dukani haijaguswa. Angalia pia mshale wa mwelekeo wa kuzunguka, kisha jaza upepo kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, wala si kwa kubonyeza na kidole gumba. Tairi jipya lina utelezi wa kiwandani, kwa hiyo kilomita 150 za kwanza nenda nalo taratibu.

Fundi wangu, kijana hodari, aliniambia, “Mwalimu, tuitoe hii rimu ndefu, tuweke za kumi na saba mbele na nyuma, ing'ae kama za vijana.” Nilimjibu, “Na ule mfereji wa kwangu, fundi, nitauvuka na nini?” Pikipiki za supermoto, ambazo chimbuko lake ni mashindano ya televisheni ya Carlsbad, California, mwaka 1979, kweli huvaa rimu za 17 pande zote, lakini hubadilishiwa na breki na shokapu kwa pamoja. Ukipunguza gurudumu la mbele peke yake, pikipiki huinama mbele, usukani unakuwa mwepesi wa kuyumba, na spidomita inayoendeshwa na gurudumu hilo itakuonyesha mwendo mkubwa kuliko ulio nao.

Baada ya viatu, pumzi. Pikipiki ya pori imepangiwa kuvuta polepole kwa nguvu, ndiyo maana kwenye lami injini hulia kama inakimbizwa. Dawa yake ni sproketi. Tuseme ya mbele ina meno 15 na ya nyuma 49. Ukiweka ya mbele yenye meno 16, mwendo uliokuwa unahitaji mizunguko 7,000 kwa dakika sasa unahitaji karibu 6,560. Jino 1 la mbele ni sawa na meno 3 hivi ya nyuma, na sproketi ya mbele ni rahisi zaidi kununua na kufunga. Ishia hapo. Injini ya sisi 125 ikibebeshwa zaidi itakwama mlimani, utarudi gia ya chini, na faida yote itakuwa imepotea. Hakikisha cheni haigusi kava inapozunguka kwenye sproketi mpya, na kama sproketi za zamani zimechongoka kama meno ya msumeno, badilisha zote mbili pamoja na cheni. Halafu usiikaze cheni mpaka ilie. Shokapu ya nyuma ya pikipiki hizi husafiri mbali, na cheni iliyokazwa ikiwa pikipiki imesimama tupu itavuta beringi ukikaa na mzigo wako.

Shokapu za mbele, kwa urefu wake, hufanya pikipiki isujudu kila unapofunga breki. Badilisha oili yake: kama ni 10W weka 15W, kipimo kilekile miguu yote miwili. Usikubali kukatiwa springi hata ukiahidiwa bure.

Breki za dramu zinatosha kama zinatunzwa. Fungua, safisha vumbi, angalia alama ya kuisha, paka mafuta waya na kile chuma kinachozisukuma breki, lakini mafuta yasifike ndani ya dramu. Barabara kuu ya Iringa ina malori yanayokwenda Zambia, na dereva aliye nyuma yako amebeba tani nyingi. Kwa hiyo taa ya breki iwake kwa mkono na kwa mguu, na vioo vya pembeni viwe virefu vya kukuonyesha barabara, si mabega yako.

Taa ya mbele inahitaji subira. Nyingi za zamani zina umeme wa volti 6, na taa hula moja kwa moja kutoka kwenye koili ya injini, ndiyo maana injini ikiwa sailensa, ikizunguka polepole, taa hufifia. Ukifunga taa ya LED bila kubadilisha mfumo, itapepesa tu. Mtafute fundi umeme anayeweza kuupandisha hadi volti 12 na kukuwekea regyuleta, kisha elekeza mwanga ukiwa umekaa juu ya pikipiki, maana uzito wako huinua taa.

Madigadi ya juu hupokea upepo wa malori na kutikisa usukani. Ya chini ni tulivu, ila tope la mfinyanzi huganda ndani yake. Mimi nimebakiza ya juu na kuipunguza ncha. Honi nunua kubwa.

Kinachobaki ni wewe mwenyewe. Porini tulifundishwa kuiogopa breki ya mbele, na mkono umekariri woga huo. Kwenye lami kavu ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Tafuta uwanja mtupu wenye lami Jumapili asubuhi, vaa kofia, nenda kilomita 30 kwa saa, weka jiwe pembeni kama alama, kisha kamua ile breki polepole ukiongeza nguvu kadiri kichwa cha pikipiki kinavyoinama. Rudia mara 10. Weka jiwe jingine kila unaposimama, uone yanavyorudi nyuma kuelekea alama ya kwanza.